Chumvi ya Barabarani

Saa kumi na moja alfajiri, Härnösand,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Ufunguo nimeubana kwa meno,
nachomoa waya ulioipasha injini joto usiku kucha.
Navuta choki. Nangoja.
Linakohoa mara mbili; mara ya tatu linakubali.

Volvo ya mwaka sitini na sita,
rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai,
kromu zake zikinirudishia uso wangu
mpana kidogo, wa kuchekesha.
Kipimo cha mwendo hakina mshale:
ni utepe mwekundu unaotambaa kulia
mithili ya homa ikipanda,
nami muuguzi, naujua utepe wa namna hiyo.

Baba alilifunika kwa shuka tatu.
Alilitoa Jumapili, tena Jumapili isiyo na wingu,
sisi watoto nyuma, viatu mikononi,
peremende marufuku.
Aliniachia ufunguo na daftari:
kila lita ya petroli, kila plagi, kila kopo la oili,
kwa mwandiko ulionyooka kama reli.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
yake haikupotea hata msumari.

Östen wa chama cha magari ya kale
alinishika bega dukani, mbele ya samaki wa kopo.
"Solveig, chumvi! Barabara nzima wameimwagia chumvi!
Unafutia masizi gauni la harusi."
Watu waligeuka.
Sikumjibu. Nilikuwa na wagonjwa tisa wa kuwazungukia.

Sisemi halina kero.
Joto lake hufika goti la kulia tu;
goti la kushoto limejifunza subira.
Hunywa petroli kama mgeni asiyejua bei.
Mwanangu ananionyesha picha za magari mapya,
yanayojiegesha, yanayosema "karibu".
Kipya kinyemi, najua.
Lakini ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Na bwana Ragnvald, kabla ya sindano yake ya sukari,
hulijulia hali gari kwanza, kisha mimi.
Na Hjördis, asiyeona tangu miaka sita iliyopita,
hunifungulia mlango sijabisha:
"Nimekusikia tangu darajani.
Wenzako na magari yao ya umeme
huja kimya kama wezi, hunishtua na kikombe mkononi."

Machi, theluji ikianza kulia kwenye paa,
niliinua zulia la dereva kulianika.
Tundu. Ukubwa wa sarafu.
Nikaendesha hivyo hivyo hadi kwa fundi,
nikiiona lami ikipita chini ya kisigino changu,
na baba, kila nilipochungulia, alikuwa pale chini.

Jioni nikatafuta ukurasa wa kuungama.
Daftari likafunguka pasipo mahali pangu,
mwaka sabini na moja:
"Januari 22. Usiku. Theluji, chumvi.
Hospitali. Kwenda watu wawili.
Kurudi watatu."
Mstari wa chini yake:
"Nimeliosha siku tatu."

Watu watatu. Wa tatu ni mimi.
Kwa hiyo hata yeye.
Nilikaa jikoni na koti langu mwilini,
chai ikapoa, nikaisahau,
kisha nikacheka peke yangu hadi mbwa akaja kutazama.

Mstari wake wa mwisho ni mfupi: "Limefunikwa."
Halafu kurasa nyeupe, miaka kumi na mmoja,
halafu mwandiko wangu mimi, uliopinda,
wenye madoa ya kahawa na namba za simu za wagonjwa.
Nikaongeza:

"Machi 9. Tundu, upande wa dereva.
Limezibwa kwa bati, krona mia tisa.
Choki inanata.
Hjördis kasikia tangu darajani."